Mgeni Ajaye na Kusi

Ufikapo mwezi wa Julai, kusi likiwa limekwisha kukaza na mashua ndogo za Kunduchi na Mbweni zikichelewa kutoka kwa sababu ya mawimbi, hupita mbele ya jiji la Dar es Salaam, kwa masafa ambayo nyakati nyingine jicho la mtu aliyesimama pwani ya Kimbiji laweza kuyafikia bila ya darubini, wasafiri ambao wengi wetu tunaokaa Kinondoni na Temeke hatujapata kuwatia machoni, nao ni nyangumi wenye nundu. Wametoka mbali. Miezi ya kiangazi cha kusini wameipitisha karibu na barafu ya Antaktika wakila uduvi, na baridi ilipoingia wakashika njia ya kaskazini, wakaandama pwani ya Afrika Kusini na ya Msumbiji, maelfu ya kilomita, hata wakaingia katika maji yetu ya uvuguvugu, ambamo hawana chakula cha kutosha wala hawakitafuti, kwa kuwa haja iliyowaleta ni kutafuta wenza na kuzaa. Wengi huondoka mwezi wa Oktoba, na wa mwisho, ambao aghalabu ni mama waliokwisha kujifungua, huonekana mpaka Novemba, kusi likiwa limekwisha kulegea na pepo za maleleji zikivuma huku na huku.

Anayekutana naye mara ya kwanza humsikia kabla ya kumwona. Mashua ikiwa imezima mashine, hutokea nyuma ya mgongo wa mtu pumzi nzito kama ya mvukuto wa mhunzi, na ageukapo hukuta mvuke umesimama hewani kimo cha mlingoti, na chini ya mvuke ule mgongo mweusi unaokunjika taratibu, wenye pezi dogo lililokaa juu ya nundu, kisha maji yakafunga. Mkubwa wao hupata urefu wa mita 12 hadi 16 na uzito wa tani 30 au zaidi. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi na uzito usiopungua sana tani moja. Mama aweza kukaa chini robo saa na kupita, ilhali mtoto hulazimika kupanda juu kila baada ya dakika chache, na kwa hiyo ndiye anayeonekana zaidi na ndiye aliye karibu zaidi na hatari. Maziwa anayonyonya yana mafuta mengi mno, na mafuta hayo mama hayapati huku. Ameyabeba mwilini, katika shahamu aliyoiweka huko kwenye barafu. Kila safari ya haraka anayolazimishwa kuifanya, kila usiku anaohamishwa mahali alipotulia, hupunguza akiba ambayo hawezi kuijaza mpaka arudi alikotoka. Jambo hili halina budi kukumbukwa katika yote yatakayofuata.

Watu wa pwani hii hawakuanza leo kumjua nyangumi. Abu'l-Hasan al-Masudi, msafiri mashuhuri wa Baghdad aliyezifikia nchi za Zanji mnamo mwaka 916, aliandika katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab kwamba ambari iliyo bora kupita zote ilipatikana katika visiwa na pwani za Zanji na katika pwani ya Shihr, na kwamba mabaharia wa bahari hii walimhofu nyangumi usiku na mchana, hata wakawa wakigonga mbao kumfukuza asikaribie vyombo vyao. Kuhusu ambari, al-Masudi alidhani kuwa nyangumi huimeza nayo ikamuua, hali leo tunajua kwamba hujifanya ndani ya matumbo ya nyangumi wa namna nyingine, yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba ambaye huzamia kilindini kutafuta ngisi. Bali kuhusu zile mbao alisema kweli ambayo elimu ya karne yetu imeithibitisha tu: kwamba mnyama huyu anaishi kwa masikio, na kwamba atakaye kumwondosha mahali hahitaji silaha, kelele yatosha. Mabaharia wale walikuwa na mbao mbili na mikono yao. Sisi tuna vitu vingine.

Baada ya al-Masudi zilipita karne nyingi ambazo nyangumi alikuwa kwa watu wa pwani kitu cha kuokotwa na si cha kuwindwa: ambari iliyotupwa mchangani, au mzoga ulioletwa na mawimbi. Wasomaji wa hadithi za Mtume watakumbuka jeshi la Abu Ubaida, watu mia tatu waliokuwa wamefikia kula majani kwa njaa, wakamkuta pwani mnyama mkubwa aitwaye anbar, wakamla kwa muda wa nusu mwezi. Na katika hekaya zetu wenyewe nyangumi ni rizki ya Mungu inayokuja bila ya kuitwa. Aliyekuja kumwinda alitoka ng'ambo. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, mwaka 1837 konseli wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akafika Unguja, na katika miaka ile ile ambayo majahazi ya Marekani kutoka Salem yalikuwa yakileta kitambaa cha merikani na kuchukua pembe na sandarusi, meli za kuwinda nyangumi zilizotoka New Bedford na Nantucket zilikuwa zikitia nanga Unguja kutafuta maji, matunda na kuni, baada ya kuzunguka bahari kati ya pwani yetu na Shelisheli. Mmoja wa waliokuja kwa meli hizo, J. Ross Browne, alichapisha mwaka 1846 kitabu juu ya safari yake kikiwa na maelezo ya makazi yake Unguja. Mafuta ya nyangumi yaliwasha taa za miji ya Marekani na kulainisha mashine zake. Na ingawa mauaji yale yalikuwa makubwa, yalifanywa kwa chusa la mkono na mashua za makasia, ambazo nyangumi wengi waliweza kuzishinda mbio.

Karne ya ishirini haikuwaachia nafasi hiyo. Meli za mvuke, mizinga ya kurushia chusa lenye baruti kichwani, na baadaye meli kubwa za kuchinjia zilizoweza kukaa kwenye barafu miezi mingi, ziliwafuata walikokula na walikozaa. Durban palifunguliwa uwindaji mwaka 1908, ukaendelea mpaka 1975. Kwa kadiri ya hesabu zilizokusanywa na wataalamu, nyangumi karibu milioni 3 wa kila namna waliuawa ulimwenguni katika karne hiyo, na miongoni mwao nyangumi wenye nundu wa nusu ya kusini ya dunia walipita 200,000. Haifai mtu wa Dar es Salaam asome takwimu hizi kana kwamba ni habari za watu wengine, kwa sababu nyangumi aliyechinjwa Durban, au aliyepigwa chusa kwenye barafu akiwa na mimba, angekuwa amehudhuria maji ya Kimbiji na ya Mafia kwa msimu wake. Bahari yetu ilipungukiwa na wageni wake bila ya sisi kupata tone la mafuta yao.

Nyangumi wa ndugu zetu wa Oman walidhulumiwa zaidi, na kisa chao ni kizito. Katika Bahari ya Arabu kuna kundi la nyangumi wenye nundu ambao, tofauti na wenzao wote, hawasafiri kwenda kwenye barafu; wanakaa, wanakula na kuzaa katika maji yale yale mwaka mzima. Mwaka 1966 meli za Urusi ya Kisovieti zilipita huko na kuua zaidi ya 200, kinyume cha sheria ya kimataifa iliyokuwa imewakataza, na mauaji yakafichwa katika hesabu zilizopelekwa kwa wakubwa wa dunia mpaka wataalamu wa Kirusi wenyewe walipoyafichua miaka ya 1990. Kundi hilo halijarudi hali yake. Leo wanaokadiriwa kubaki katika pwani ya Oman hawafiki 100, na kila mmoja anayenaswa katika nyavu ni pigo kwa kundi zima.

Sheria zilikuja, zikachelewa, lakini zilikuja. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, iliyozaliwa na mapatano ya mwaka 1946, iliwakataza wawindaji kuwaua wenye nundu wa kusini mwaka 1963. Mwaka 1979, kwa shauri la Shelisheli, nchi ndogo kuliko wilaya zetu nyingi na ambayo heshima yake katika jambo hili haijatajwa vya kutosha katika vitabu vya Kiswahili, Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi. Mwaka 1982 tume ikaamua kusimamisha uwindaji wote wa biashara, amri ikashika kazi kuanzia 1986. Tanzania ilijiunga na tume hiyo mwaka 2008. Nyumbani, visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vinavyoonekana kutoka fukwe za Kinondoni, vilikuwa vimekwisha kutengwa tangu 1975, na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ikapitishwa mwaka 1994. Nyangumi wenye nundu waliitikia: idadi yao kusini imepanda tangu chusa lilipowekwa chini, nao wanaofika kwetu ni sehemu ya neema hiyo.

Basi anayeishia hapo huona kazi imekwisha, na hapo ndipo ninapotaka kutofautiana naye, kwa kuwa yaliyobaki hayakuandikwa katika mkataba wowote wa mataifa, bali yanatendeka katika maji ya pwani kati ya Ununio na Pemba Mnazi.

Sauti hukimbia majini kwa mwendo wa mita 1,500 kwa nukta moja, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, wala haipotei upesi kama ipoteavyo juu. Nyangumi dume huimba: huanza sehemu moja, akaifuatisha ya pili na ya tatu kwa mpangilio usiokosewa, akamaliza na kurudi mwanzo, kwa saa nyingi, na madume wa bahari moja hushirikiana wimbo mmoja ambao hubadilika kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Santuri ya nyimbo hizo aliyoitoa mtafiti Roger Payne huko Marekani mwaka 1970 iliwafanya watu ambao hawajapata kuiona bahari wasimame kuwatetea wanyama hawa. Na kwa maoni yangu santuri ile ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Mama naye na mtoto wake huitana kwa sauti ndogo, za chini, zisizokwenda mbali. Hayo yote hutendeka katika maji ambayo kwa muda wa miaka mingi sisi watu wa Dar es Salaam tuliyajaza baruti.

Uvuvi wa baruti ulikatazwa na sheria tangu 1970, na ulizidi kuenea pamoja na katazo. Kijana hutia mchanganyiko wake katika chupa, akaweka utambi, akauwasha na kurusha mahali alipowaona vibua au dagaa wamekusanyika. Samaki wachache huelea, walio wengi huzama na kuoza, na tumbawe lililochukua miaka mingi kukua huwa vifusi. Mwaka 2015, katika siku 31 za miezi ya Machi na Aprili, chombo cha utafiti kilipita pwani ya Tanzania kikivuta maikrofoni ya majini, kikaandika milipuko 318, na zaidi ya nusu yake ilitokea katika maji yasiyozidi kilomita 80 kutoka jiji hili. Hazikuwa bahari za mbali zisizo na serikali. Ilikuwa ni mbele ya mji wenye mahakama, bandari na kamandi ya jeshi la majini.

Na ushahidi ulikuwa ukitufikia mezani. Waliokuwa wakinunua samaki mnadani Feri, na hasa akina mama wanaokaanga samaki jioni Temeke na Manzese, ambao kwa ujuzi wa kumpima samaki kwa vidole hawana mfano, walimtambua samaki wa baruti bila ya kuuliza. Ukimshika kichwa na mkia analegea, kwa sababu uti wa mgongo umekatika. Macho yana damu. Ukimpasua, unakuta kibofu cha hewa kimepasuka na damu nyeusi imeganda kandokando ya mfupa, na nyama yake huvunjika katika mafuta kabla haijaiva. Yaliyomtokea samaki yule aliyekuwa karibu, kwa kadiri ndogo zaidi huweza kumtokea mnyama mwenye mapafu na masikio aliye mbali zaidi.

Hili si dhana tupu. Huko Newfoundland nchini Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, palikuwa na kazi ya ujenzi iliyolipua miamba chini ya bahari. Wachunguzi waliwatazama nyangumi wenye nundu waliokuwa wakila karibu, nao hawakuonekana kukimbia wala kushtuka, hata mtu angeweza kusema kwamba kelele haziwadhuru. Lakini nyangumi walinaswa zaidi katika nyavu za wavuvi wa jirani kuliko ilivyokuwa desturi, na wawili waliokufa walipopasuliwa vichwa, masikio yao ya ndani yalikutwa yamejeruhiwa. Nyangumi aliyeharibika masikio huenda aonekane mzima, anapumua, anazamia na kuimba. Ila hajui tena wavu ulipo. Ndiyo maana kwangu baruti na nyavu ni mlango mmoja wa hatari, wala sioni faida ya kuvigawa katika idara mbili.

Baruti imepungua mno tangu serikali ilipounganisha polisi, jeshi la majini, idara ya uvuvi na waendesha mashtaka katika kikosi kimoja na kuanza kuwakamata pia waliouza viripuzi na waliofadhili mashua, badala ya kuwabughudhi vijana wa chupa peke yao. Insafu inataka jambo hili lisemwe waziwazi, kwa kuwa ni katika ushindi mkubwa wa hifadhi ya bahari uliopata kutokea Afrika ya Mashariki, na watu waliouchangia zaidi ni wale wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU kama waitwavyo katika kila diko, waliotoa habari usiku wakijua kwamba asubuhi watakutana na jirani yao waliyemtaja. Mzee mmoja wa Kunduchi, nahodha wa mashua ya mishipi, nilimuuliza kama ameona tofauti.

"Shikamoo mzee. Bahari imebadilika?"

"Marahaba, mwanangu. Siku za baruti ukizamisha kichwa hapo Mbudya, kishindo cha Kigamboni kilikujia kifuani. Siku hizi kusi likiingia ukizamisha kichwa unamsikia mwenyewe. Kwanza nilidhani ni mlingoti unalia."

Alichokuwa akikisikia, bila ya shaka, ni wimbo.

Ziko kelele nyingine ambazo hazina kosa la jinai. Meli zinazongoja zamu ya kuingia bandarini, vivuko vya kasi vya Unguja vinavyopita mara kadhaa kwa siku katika mkondo ambao mama na watoto hupenda kwa sababu ya kina chake kidogo, na mashine za mashua za starehe zitokazo Msasani, zote hukusanyika majini kuwa uvumi usiokatika. Meli kubwa ikipunguza mwendo mpaka noti 10, kelele yake hupungua na nyangumi aliyegongwa huwa na matumaini makubwa zaidi ya kupona. Hatua hiyo yaweza kuamriwa kwa miezi ya Julai hadi Oktoba peke yake, na haitaki mtambo wowote mpya. Kwa mwenye mashua ndogo, adabu yake ni nyepesi zaidi: asiwakimbilie, asipite kati ya mama na mtoto, na akijikuta karibu nao aiweke mashine katika mwendo wa chini mpaka wapite.

Nyavu ndizo zinazonisumbua kuliko meli, kwa kuwa nyuma ya kila wavu pana nyumba inayongoja chakula. Jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa, taa na jodari, hauchagui. Nguva wa Rufiji na Mafia wamekaribia kwisha ndani yake, pomboo wa Kizimkazi na Menai huzama humo kila mwaka, na ndama wa nyangumi akijifunga uzi wake kwenye mkia huvuta wavu wote mpaka achoke. Anayemkuta hivyo moyo humtuma ajitose na kisu. Asijitose, maana mnyama mwenye hofu wa uzito ule huua bila ya kukusudia; wala asikate maboya na kumwachia kamba zilizobaki mwilini, kwa kuwa kamba hizo humkata nyama taratibu kwa miezi, na boya ndilo linaloonyesha alipo. Amfuate kwa mbali, apige simu kwa BMU na kwa maofisa wa hifadhi, na wanaokwenda kumfungua wawe wenye kisu cha mti mrefu na mashua iliyo imara.

Hapo panabaki neno la jarife lenyewe. Mvuvi wa Kimbiji au wa Kunduchi anayekubali wavu wake ukatwe ili nyangumi aende zake ametoa mtaji wake wote, na mara nyingi wavu huo ulinunuliwa kwa mkopo wa tajiri wa samaki ambaye hatasamehe deni kwa ajili ya nyangumi. Kumsifu na kumpiga picha hakutoshi. Kila mgeni apandaye mashua kwenda kuogelea Bongoyo au Mbudya hulipa kiingilio cha hifadhi; sehemu ndogo ya fedha hizo yatosha kuwekwa mfuko wa kumlipia mvuvi wavu uliokatwa, na malipo yatolewe pale pale pwani, kwa ushahidi wa BMU na vipande vya wavu vilivyoletwa nchi kavu, kabla ya bamvua lijalo, kwa kuwa mtu asiye na jarife hawezi kungoja karatasi zimalize kuzunguka ofisini.